Walimu Watano Walioniamini

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,
Kwa mkono wa Mlinzi wa Getini, ambaye ni mume wangu na amekatazwa kuifungua.

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA WALIMU WAKO KWA KOSA LA KUYASADIKI MANENO YANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sijui ni kwa nini barua rasmi humwamuru mkubwa ahusike hata kabla hajapewa shikamoo, lakini ndivyo tulivyofundishwa, na kwa kuwa shule niliiacha njiani, hicho kidogo nilichotoka nacho acha nikitumie chote. Shikamoo.

Mimi ni yule mama aliyekuwa na mtoto mgongoni wiki ya kutembelea karakana. Huenda mimi hunikumbuki, ila mtoto utamkumbuka, maana ndiye aliyepiga ukelele katikati ya hotuba yako ya kutukaribisha, ukasema huyu mwenzetu ana swali, ukumbi mzima ukacheka. Hakuwa na swali. Alikuwa na njaa. Kwa ubonge wake watu humwita Tonge, na mimi tangu nimzae jina langu limestaafu, naitwa Mama Tonge hata na mama yangu mzazi. Nafasi niliyopata ni katika zile mlizowatengea kina mama waliokatisha masomo. Siku jina langu lilipotoka nililia kwa sauti mpaka majirani wakaja mbio wakiuliza nani amefariki. Nayasema haya ili ujue kwamba silalamiki kwa dharau. Nalalamika kwa mapenzi, kama mke.

Utaratibu wenu ni kwamba wanafunzi wapya wazunguke karakana zote, waone, washike, waulize, kisha kila mtu achague fani yake moja. Ni utaratibu mzuri sana kwa watu wanaojijua. Kwa sisi wengine umeleta maafa, nami nayaeleza kama ifuatavyo.

1. Mimi nimelelewa. Hili ndilo shina la matatizo yote, naomba uliandike pembeni. Mama yangu alinifundisha kwamba ukikaribishwa kwa watu huondoki kama mbuzi. Unasifu. Chai ikikuunguza ulimi unasema ni tamu, kiti kikikuchoma msumari unasema nimekaa raha. Sasa mwalimu wako wa ushonaji alituonyesha jinsi mkono wa gauni unavyoingizwa begani, akanigeukia na tabasamu lake lile, akaniuliza umeonaje, mwanangu? Mtu aliyelelewa angejibu nini? Nilimjibu: Mwalimu, hapa ndipo mahali pangu, nilikuwa napatafuta tu. Nilimaanisha asante. Yeye akatoa kalamu akaniandika.

2. Laiti ningekomea hapo. Lakini mtu hawezi kusifu nyumba moja akaipita ya pili kimya, huo ni ubaguzi. Kwa mpishi mkuu nilikatakata vitunguu, machozi yakanitoka kama yanavyomtoka kila mwenye macho, naye akanishika bega akasema, nimeona, hisia kama hizi hazifundishwi. Nikaona aibu kumwambia ni vitunguu. Nikamwambia ni kweli, Mwalimu, hazifundishwi. Kwa mwalimu wa uhazili niliitafuta herufi ya T kwenye kompyuta kwa kidole kimoja mpaka nikaipata, darasa likapiga makofi, nikasema vidole vyangu leo vimefika nyumbani. Kwa mwalimu wa malezi ya chekechea Tonge alilala kwenye mkeka wao, nami nikasema mnaona, hata mtoto ameshachagua. Tonge hulala popote, Mheshimiwa. Ameshawahi kulala kwenye foleni ya zahanati akiwa amesimama. Na kwa mwalimu wa umeme nilibonyeza swichi, taa ikawaka, kama taa zote zinavyowaka zikibonyezwa, ila mimi nikashika kifua na kusema ningejua mapema kuwa niliumbwa kwa kazi hii nisingeuchezea ujana wangu.

Walimu watano, na wote wakaniamini. Watu wazima, wenye vyeti ukutani! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama mtu anaweza kuumbwa kwa ajili ya vitu vitano ndani ya wiki moja.

3. Matokeo yake mliyabandika kwenye ubao wa matangazo. Mume wangu, Baba Tonge, ndiye aliyeyaona kwanza, kwa kuwa ubao uko karibu na kibanda chake cha ulinzi. Alirudi nyumbani ameshika kofia mkononi, akaniuliza kwa upole sana kama nina dada wanne tunaochangia jina ambao hakutambulishwa kwao siku ya posa. Nikamwambia sina. Akasema basi uko kwenye orodha tano. Tangu siku hiyo hapumui pale getini. Asubuhi anapita mwalimu wa ushonaji, anamwambia hongera, mkeo ni wetu. Anapita mpishi, mkeo ni wetu. Wa umeme anapunga mkono kutoka kwenye pikipiki, mkeo wetu huyo, mlinzi! Jana Baba Tonge alinitazama nikimlisha mtoto, akasema, sasa mama, mimi nimebakiziwa nini?

4. Lalamiko la nne nimelifuta, kwa sababu linamhusu mume wangu na ndiye mbeba barua. Ningependa tu kusema kwa jumla, bila kumtaja mtu, kwamba mwanamume anayepikiwa kila siku asiruhusiwe kumshauri mpishi wake akasomee upishi. Hakimu hawezi kuamua kesi ambayo njaa yake mwenyewe imo ndani.

5. Msajili wako aliniita ofisini. Alikuwa na zile orodha tano amezipanga mezani kama karata. Akasema nichague moja ifikapo Jumatatu, la sivyo nafutwa kwenye zote na nafasi yangu anapewa mwanamke mwingine, kwani wanaosubiri nje ni wengi. Kwa hilo simlaumu. Ninayemlaumu ni yule aliyemtuma aniulize swali lililofuata. Alivua miwani, akaniuliza, hebu niambie, wewe mwenyewe unapenda nini?

Mheshimiwa Mkuu, swali kama hilo mtu hatupiwi ghafla hivyo. Nimeulizwa mengi maishani. Nimeulizwa kimeiva? Nguo zimekauka? Mtoto anaharisha tangu lini? Ufunguo umeuweka wapi? Hayo yote nayajibu hata nikiwa usingizini. Lakini la kupenda sijawahi kuulizwa, na nilipoulizwa niligeuka nyuma nione anazungumza na nani. Nyuma yangu palikuwa na kabati la mafaili. Nikamjibu napenda atakachonipendea yeye. Akavaa miwani yake tena, akasema nenda nyumbani ukafikiri. Nyumbani! Kana kwamba nyumbani kwetu ndiko kwenye nafasi ya kufikiri.

6. Kwa kuwa nilitumwa nyumbani, nilipeleka shauri nyumbani. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye, alisema hapohapo: ushonaji. Magauni yake mawili yanambana kwapani. Mama yangu mzazi akapiga simu kusema uhazili, kwa sababu wahazili hukaa kwenye kiti kinachozunguka, na yeye hajazaa mtoto asimame maisha yake yote. Shoga yangu wa chumba cha pili akasema umeme, soketi yake inatoa cheche. Nikagundua jambo la ajabu: kila mtu ananichagulia fani yangu bila kupepesa jicho, kisha anaendelea kunywa chai. Kumbe kuchagua ni kazi rahisi mno, ila si kwa mwenye kuchaguliwa.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Fisi, Mheshimiwa, alikuwa na miguu minne na njia zake mbili tu. Mimi nina miguu miwili, njia tano, na mtoto mgongoni.

Hapa naomba niseme kidogo bila mzaha, kisha nitaendelea kulalamika. Mwenye nguo kumi akivaa isiyompendeza hurudi ndani akabadilisha. Mimi nguo yangu ni hii moja. Shule ikinikataa mara ya pili haitaniita mara ya tatu. Nami nimewaza hivi: nikifeli fani niliyochaguliwa na watu, lawama tutagawana, kila mtu na fungu lake, mama mkwe fungu la kwapani. Lakini nikifeli niliyoichagua kwa mkono wangu, nitaila peke yangu mpaka mfupa. Ndiyo maana kalamu inakuwa nzito. Si kwamba sijui kuandika.

Naendelea.

7. Lalamiko hili ni dhidi ya mwalimu wako wa useremala, na ni zito kuliko yote, kwa kuwa wale watano waliniamini, lakini huyu hakuniuliza hata kitu. Tulifika kwake mwisho, tumechoka, miguu imevimba. Hakutukaribisha. Hakutabasamu. Alikuwa ameinamia kabati lenye droo mbili, akasema msiguse randa, kisha akaendelea na kazi. Alichukua droo ya juu, akaitia mahali pake, akaisukuma kwa ncha ya kidole kimoja. Ikaingia polepole, bila kukwama, bila kelele, na ilipokuwa inaingia, ile ya chini ikatoka yenyewe. Haikuguswa na mtu. Alisema ni hewa tu, hewa imekosa pa kupita, maana droo imekaa sawasawa. Akairudisha ya chini, ya juu ikachomoza. Kama watu wawili wanaopishana mlangoni, pita wewe, hapana pita wewe.

Wenzangu wakasifu, kama inavyotakiwa. Wakasema hongera Mwalimu, kazi nzuri Mwalimu. Mimi, Mheshimiwa, mtoto wa watu niliyelelewa, sikusema neno. Nilisogea nikaisukuma ya juu. Ya chini ikatoka. Nikaisukuma ya chini. Nikapiga magoti nikachungulia ndani kuna nini. Nikauliza pembe zimeshikanaje bila msumari, akanionyesha vipande viwili vya mbao vilivyochongwa meno, jino la huku likiingia pengo la kule, nikavitenganisha nikavirudisha, nikavitenganisha nikavirudisha. Nilipozinduka wenzangu walikwishakwenda kunywa chai, na Tonge alikuwa ameshika maranda mkononi na mengine mdomoni. Nikamtoa maranda, nikakimbia. Sikuaga. Sikushukuru. Niliondoka kama mbuzi, hasa yule aliyesemwa na mama yangu.

Tangu hapo sina amani, na kosa ni la huyo mwalimu. Ameniharibia macho. Nikienda kwa watu sioni tena chai, naona meza. Nachungulia chini yake. Kwa shoga yangu nilivuta droo zote za kabati lake nikimsikiliza habari za soketi, akadhani natafuta sukari. Nimemwambia mama mkwe kwamba kitanda chake kimeshikwa na misumari tu na imani, na kwamba miguu miwili inamdanganya. Mama mkwe akaniuliza, mwanangu, mimi nimeletewa mkwe au mchwa? Nilikuwa bado chini ya kitanda.

Kwa hiyo mwalimu huyu amenipotezea muda, ameniondolea adabu, amenigombanisha na samani za watu, na juu ya yote hakuniandika jina. Wenzake wameniandika kwa kuwa niliwadanganya vizuri. Yeye niliyeshindwa hata kumdanganya, ameniacha nje.

KWA HAYO BASI, naomba yafuatayo, na usipoweza la kwanza shuka nalo hadi la mwisho:

a) Chuo kiziunganishe fani zote tano kuwa fani moja, nami niwe mwanafunzi wake wa kwanza. Nitashona pazia, nitapika chini yake, nitaichapa barua ya kumwalika mgeni, watoto wa chekechea wataimba, na taa nitawasha mwenyewe.

b) Kama hilo halikubaliki, walimu wote wapigwe marufuku kumwamini mwanamke yeyote mwenye mtoto mgongoni, mpaka mtoto huyo athibitishe kwa kutikisa kichwa.

c) Kama sheria hiyo ni ngumu, ubao wa matangazo ung'olewe, kwani kabla ya ubao mimi na mume wangu tuliishi vizuri.

d) Kwa kuwa ni adabu iliyoniponza, Chuo kifungue kozi fupi ya utovu wa adabu, ya jioni, ambapo kina mama watafundishwa kukaribishwa mahali na kusema hapana, sijapapenda, kwaherini. Mtihani wake ufanyike nyumbani kwa mama mkwe. Najua wengi tutafeli, lakini tutakuwa tumejaribu.

e) Na kama yote hayo yameshindikana, basi chonde chonde, mnichagulie ninyi. Andikeni vikaratasi vitano, mvikunje, mvitikise kwenye kofia, na msajili aokote kimoja akiwa amefumba macho. Kitakachotoka nitakipokea kwa mikono miwili. Natamka hapa kwa akili zangu timamu kwamba moyo wangu hauegemei upande wowote. Umetulia kama maji mtungini. Nipeni cherehani nitashona, nipeni mwiko nitasonga, nipeni waya nitaunga. Yoyote ni sawa. Kwangu zote ni sawa.

Nategemea utalipokea lalamiko langu kama mzazi, na utaniwia radhi kwa mwandiko. Pale unapopanda mlima ndipo Tonge aliponivuta kiwiko.

Nisalimie msajili wako, umwambie bado nalifikiria swali lake na nafasi ya kufikiri bado sijaipata. Nisalimie walimu wote watano kila mmoja peke yake, na ikiwezekana wasiwe chumba kimoja, nisije nikasababisha mengine. Nisalimie dada wa mapokezi aliyenishikia mtoto nilipokwenda msalani, na mfagizi aliyefagia maranda ya Tonge kwenye korido yote. Mama mkwe anakusalimu kutoka kitandani, anasema kimeanza kweli kuyumba. Baba Tonge hakusalimu, utamwona getini.

Ndimi niliye tayari kutii lolote mtakaloamua,

Mama Tonge

Nyongeza baada ya sahihi:

Mheshimiwa, bahasha ilikuwa bado haijafungwa. Baba Tonge alisema, kabla ya kuwasumbua wakubwa na kofia zao, kwa nini kura tusiipige hapa hapa? Basi nikaandika vikaratasi vyangu vitano, nikavitia kwenye sufuria, yeye akafumba macho akaokota. Ukatoka ushonaji. Mama mkwe akapiga kigelegele. Mimi nikasema hapana, havikutikiswa. Tukatikisa. Ukatoka umeme, nikasema hicho kimelowa mate ya mtoto, hakihesabiki. Ukatoka upishi, nikasema huyu alikuwa anachungulia. Ukatoka uhazili, nikasema ngoja kwanza, tuanze upya kwa mkono wa kulia. Baba Tonge akavimwaga vyote mkekani, akavikunjua kimoja kimoja mbele yangu, akasema, Mama Tonge, sema ukweli mbele ya mama. Tunatafuta karatasi gani humu?

Nikavitazama vyote. Nikamwambia haimo.

Akauliza, sasa wa kuiandika ni nani? Akanipa kalamu ya kibandani kwake, ile iliyofungwa uzi. Nikaandika. Nikifeli nitaila mwenyewe, na mama mkwe amesema atanisaidia kutafuna.

Kwa hiyo barua hii yote isisomwe, au isomwe kwa kucheka tu. Nifuteni kwenye orodha zote tano, nami nitapita kwa kila mwalimu kuomba radhi kwa kinywa changu. Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mwalimu wa useremala kuomba aniandike. Ukimwona kabla yangu, nakuomba umwambie yule mwanamke aliyeondoka bila kushukuru hakuwa na dharau. Alikuwa hajamaliza kuangalia.